Sura Kutoka Nyuma ya Pazia

Jioni moja Judica alipanda bodaboda kutoka Katesh, begi la rangi za kuchorea mgongoni, kwenda Endasak kwa mama mmoja aitwaye Qamara. Kazi ilikuwa ya kawaida. Mama huyo alitaka picha ya mwanawe, Hermani, aliyefukiwa na tope lilipoteremka kutoka mlimani.

Judica alianza uchoraji kwa mabango ya saluni. Baadaye akajifunza kuchora vibuyu na masinia ya maharage, kisha nyuso. Tangu tope lile, watu walimletea picha za wafu wao tu, kwenye simu. Wa kwanza kuchorwa alikuwa mumewe mwenyewe. Baada ya hapo hakulia tena. Alichanganya rangi, akala, akalala.

Hermani hakuacha picha hata moja.

"Uso mrefu," Mama Qamara alimweleza. "Macho kama yangu. Anza tu, mwanangu, mimi nasonga ugali."

Akaenda jikoni, uani. Judica akabaki sebuleni, mbele ya pazia la chumba cha ndani. Akachora uso mrefu.

"Mpana zaidi."

Sauti ya mwanamume, kutoka nyuma ya pazia. Nzito, kama ya mtu mwenye mchanga kooni.

Judica alidhani ni ndugu mgonjwa. "Shikamoo," akasema.

Akapanua uso.

"Pua ilivunjika... hapo juu."

Akaipinda. Ikamjia harufu ya udongo mbichi, ingawa mvua haikuwa imenyesha kwa miezi miwili. Mkono wake ulikwenda wenyewe, haraka, bila kusita.

"Kovu. Chini ya jicho la kushoto."

Akaliweka.

"Ndiyo mimi."

Mama Qamara aliingia na taa ya sola. Akaiinua mbele ya picha, akatazama kwa muda.

"Huyu si Hermani," akasema. "Huyu simjui."

"Lakini aliyeko ndani ndiye amenielekeza, mama."

"Ndani hakuna mtu. Naishi peke yangu."

Judica akafunua pazia. Kitanda. Magunia mawili ya mahindi. Jembe. Ukuta wa nyuma ulikuwa umelowa, maji ya tope yakichuruzika taratibu hadi sakafuni.

Mama Qamara akaketi. Alipozungumza tena, alinong'ona.

"Nyuma ya ukuta huo tumezika mtu. Alikutwa shambani kwangu siku ile ya tope. Uso haukuwepo. Hakuna aliyekuja kumuulizia." Akaisukuma picha kwa Judica. "Mchukue. Mimi namngoja wangu."

Nje, Julius, dereva wa bodaboda, alikuwa anasubiri. Judica akapanda, picha kifuani. Julius akatazama kioo cha pembeni.

"Mmekaa vizuri?"

"Niko peke yangu."

Julius akakigeuza kioo kisimwonyeshe nyuma, akaendesha kwa kasi hadi Katesh.

Judica aliitundika picha ile kwenye chumba chake cha kazi. Wateja waliitazama, wakatikisa vichwa. Hakuna aliyemtambua. Wiki ya pili, alipokuwa akichora kibuyu na mahindi matatu juu ya meza, sauti ikaja nyuma yake.

"Kivuli hicho... kiongeze weusi."

Akaongeza. Kibuyu kikasimama kama kinachoshikika. Picha hiyo ilipelekwa kwenye maonyesho ya Arusha, na nyingine sita baada yake. Watu walisema mkono wa Judica umefunguka. Yeye hakuona fahari, wala woga. Alijua tu kwamba alitakiwa kuogopa.

Jana, jua lilipokuwa linazama, harufu ya udongo ilijaa chumba.

"Umenichora hadi mabegani," sauti ikasema. Sasa ilikuwa karibu sana na sikio lake.

"Ndiyo."

"Nataka mikono."

Judica aliwaza kumuuliza ya nini. Hakuuliza. Akaunganisha kitambaa kipya chini ya picha, akachanganya kahawia na nyeusi kidogo, akaanza na mkono wa kulia.