Bei Mpaka Ufunguo Mkononi

Paa lilikuwa linavuja tena. Verlene Stubblefield alisogeza ndoo kwa mguu, akaendelea kukoroga maharage.

"Kesho tunatia saini," alisema Hoyt, mumewe, meno yote nje. "Nyumba mpya iliyoundwa kiwandani, vyumba vitatu. Dola mia saba kwa mwezi!"

Jirani yao Arvil alikuwa mezani, anakula mkate wa mahindi. Alisimika nyumba kama hizo miaka ishirini.

"Mwezi nimesikia. Nyumba yenyewe bei gani?"

Hoyt akakuna kichwa. "Muuzaji aliuliza tunaweza kulipa ngapi kwa mwezi. Nikamwambia."

"Ala! Umemfungulia mfuko kabla hajakutajia bei?"

"Tunasali naye kanisa moja, bwana. Kumdai karatasi ni kama kumwita mwizi."

"Mbona trekta ulilomuuzia mchungaji mliandikiana?"

Verlene akaacha mwiko. "Huyo muuzaji alisema malipo ya mwanzo hayahitajiki. Eti shamba la baba linatosha."

"Basi shamba linawekwa rehani. Mkishindwa kulipa, linakwenda na nyumba."

Verlene aliingiwa na hofu, kisha hasira. Baba yake alizilima ekari zile nne mpaka mgongo ukapinda.

"Tufanyeje?"

"Bei ya tangazo ni ya nyumba ikiwa bado kwa muuzaji. Kuileta, kuisimika, ngazi, kipoza hewa, kuunganisha maji na umeme, vyote vina bei yake. Dai bei mpaka ufunguo mkononi, kila kitu kiandikwe. Halafu ukaulize kwingine, nyumba ileile. Na benki nendeni wenyewe."

Kesho yake muuzaji aliwakaribisha kwa kahawa.

"Vipi, dada Verlene, mia saba imekuwa nzito?"

"Si nzito. Nataka bei ya nyumba, kaka, si ya mwezi. Na uniandikie."

Karatasi ilichelewa, lakini ilikuja. Verlene aliisoma kwa kidole, mstari kwa mstari.

"Hapa pameandikwa maandalizi, dola elfu sita. Mnaandaa nini?"

Muuzaji akakohoa. Alikohoa sana. Verlene akamshukuru kwa kahawa, akabeba karatasi yake.

Katika mji wa pili walipata nyumba ileile, ngazi na kipoza hewa ndani ya bei, pungufu kwa dola elfu tisa. Hoyt aliuza mashua yake ya kuvulia samaki ili wapate malipo ya mwanzo. Alinuna siku mbili, ya tatu akasahau. Benki ikakopesha kwa dhamana ya nyumba peke yake. Shamba halikuguswa.

Nyumba ilifika vipande viwili juu ya malori. Arvil alikagua kila bolti. Jioni ile mvua ilinyesha, na Verlene akazitupa ndoo zote nje uani.

Dada yake Hoyt alikuja kuona, akashika kuta.

"Wifi, hii mnalipa ngapi kwa mwezi?"

Verlene alisimama wima katikati ya sebule yake.

"Kaa kitako, wifi. Kwanza uniulize bei ya nyumba."