Hati ya Uhai ya Kartar Singh

"Mzee, umesahau nini tena?" Wakili Masinde aliuliza bila kuinua kichwa.

Kartar Singh hakuwa amesahau kitu. Ndiyo kwanza alikuwa anaingia. Alimweleza wakili kwamba amekuja kwa ile hati yake ya kila Januari, na wakili akacheka, akidhani ni utani wa uzeeni. Si alikuja saa tatu asubuhi? Si alitia sahihi mbele yake, muhuri ukagongwa, na barua imeshapelekwa posta? Hata kiti bado kilikuwa kimelowa.

Kweli kiti kilikuwa kimelowa, nacho kilinuka tope la ziwani. Kartar alitoa bahasha ya fomu ya London kutoka mfukoni mwa koti lake. Ilikuwa tupu, na ilikuwa na unyevu.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, husema Waswahili. Huyu Kartar alishika jembe lake miaka thelathini na moja, akitengeneza garimoshi pale Kisumu, ndipo akaja kuambiwa kuwa ni mgeni. Uhuru ulipokuja alibaki na pasipoti ya Uingereza kwa kufuata maneno ya wanawe, na wanawe wakaenda zao huko kwenye baridi. Yeye alikataa. Majivu ya mkewe yalikuwa ndani ya ziwa hili, naye aliapa kwamba yake yatamfuata. Basi akapanga nyumba ya bei nafuu karibu na Dunga, penye mafunjo, akaishi kwa kibali na kwa pensheni kiduchu kutoka London. Hao wa London walitaka kitu kimoja tu: kila Januari aende kwa wakili, aonekane kwa macho, iandikwe kwamba Kartar Singh yu hai. Bila hati hiyo hakuna pensheni, bila pensheni hakuna kibali, na bila kibali ni ndege kwenda kufia ugenini.

Alirudi nyumbani akiwa na wasiwasi. Nasambu, mjane wa Kibukusu aliyempikia, alishangaa kumwona akiomba chai.

"Chai si umekunywa sasa hivi, Mzee? Kikombe hicho hapo barazani."

Kartar alikichungulia kikombe. Chini hayakuwa majani ya chai, yalikuwa matope. Akaketi, akamsimulia Nasambu yote, na yule mama akasikiliza mwiko ukiwa mkononi, kisha akamuuliza kwa sauti ya chini kama kuna mtu alimwita, naye akaitika.

Hapo akakumbuka. Mwezi uliopita, jua likizama, alikuwa akitia mafuta bawaba za mlango wa nyuma, sauti ikatoka kwenye mafunjo: "Namba mia tatu na tisa, Kartar Singh!" Miaka thelathini na moja nyapara aliita majina ya daftari hivyo kila asubuhi, na kila asubuhi Kartar aliitika kabla hata ya kumeza mate. Mdomo ukafanya kazi yake. "Nipo!" alisema, kisha akajicheka, maana nyapara yule alikwisha kufa.

Nasambu hakucheka. Kwao mtoto huchapwa kwa kosa hilo la kumwitikia asiyemwona. Kesho yake alimpeleka kwa shangazi yake aliyeolewa Ahero, mganga aliyeitwa Mama Wakhisi. Bibi huyo alinusa viganja vya Kartar, akavirudisha polepole.

"Hilo ni jini la maji," alisema. "Liliita jina lako, ukaitika, sasa linaishi kwa jina hilo. Hati ya mwaka huu limechukua. Likitia sahihi ya pili, wewe umekwisha. Januari ijayo tia wewe, kwa mkono wako. Na kuanzia leo, msimwitikie mtu msiyemwona uso. Wewe na huyu mama, wote wawili."

Mwaka huo ulikuwa mrefu. Beldina, muuza samaki, alianza kupita langoni bila kusalimu. Mwenye duka aliita mteja wa nyuma yake. Mchana kweupe hatua zilizolowa zilitoka bafuni hadi chumbani, na mtu alikohoa kikohozi cha Kartar nyuma ya kabati, na harufu ya tope ikaingia kwenye mito na kwenye unga, na sauti zikamwita kutoka mferejini na darini, mara kwa namba, mara kwa sauti za wanawe, na siku moja kwa sauti ya marehemu mkewe akilia kwamba ana baridi, na Kartar akauma kitambaa cha kilemba chake hadi sauti ikachoka, akiwa anatokwa na machozi. Nasambu naye aliitwa. Alikuwa akimenya njegere mbele ya Kartar, akasikia Kartar huyo huyo akimwita kutoka mafunjoni. Alifumba mdomo, akaendelea kumenya.

Kufika Krismasi alimwambia, "Mzee, kaa kwenye mwanga kidogo. Nakuona kama moshi." Kartar aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa, lakini alijipa moyo kwamba Januari imekaribia.

Siku yenyewe walifika kwa wakili kabla mlango haujafunguliwa. Kartar alikuwa ameishika fomu yake kwa mikono miwili. Benchi la ukumbini likajaa watu. Wakili alikuwa na karani mpya, Elsie, na karani huyo alikuwa ndani.

"Kartar Singh!" sauti ya kike iliita kutoka nyuma ya mlango.

Kartar alifungua kinywa, na papo hapo akakumbuka, maana mlango ulikuwa umefungwa na uso hakuuona, na ukumbi mzima ulikuwa umeanza kunuka tope, na sauti ngapi za kike zilikuwa zimemwita mwaka huo kwa upole kama huu, basi akauma mdomo, akainama kidogo achungulie kwenye kioo cha mlango, auone uso tu, kisha aitike.

"Nipo," mtu aliitika kutoka mwisho wa benchi.

Alisimama mzee mwenye kilemba, viatu vyake vikichuruzika maji. Kartar alitazama mikono yake mwenyewe. Fomu haikuwemo. Mlango ukafunguliwa, na uso ukatokea: msichana wa kawaida, mwenye miwani, akimkaribisha mzee yule ndani. Kartar alipiga kelele kwamba ni yeye, ni yeye. Hakuna aliyegeuka. Kupitia mlangoni akasikia muhuri ukigongwa.

Mzee yule alipotoka, Nasambu aliinuka, furaha imemjaa usoni.

"Mungu ni mwema, Mzee," alisema, akimpa mwavuli wake. "Leo nakuona vizuri kabisa."

"Nasambu!" Kartar aliita kutoka benchini.

Nasambu alisimama. Aligeuka, akalitazama benchi kutoka mwanzo hadi mwisho, akitafuta uso. Kisha akafumba mdomo kama alivyofundishwa, akamshika mzee yule mkono wa koti, wakateremka ngazi haraka.