Saa ya Marehemu Kalume

Saa kumi na mbili jioni, mwezi wa Januari, na giza lilikuwa limeshaingia Eagan, huku Marekani. Bahizire aliteremka hadi chumba cha kufulia nguo, chini kabisa ya jengo lao, kutoa sare zake za kazi kwenye mashine ya kukaushia. Merveille, bintiye wa miaka sita, akamfuata akirukaruka.

Kwenye benchi alikaa mzee mmoja, koti zito, kofia imefunika uso. Wapangaji ni wengi mle, nani amjue nani? Bahizire akamwamkia kwa kichwa, akafungua mashine.

Ndipo akaiona saa mkononi mwa mzee.

Saa ya zamani ya kutiwa ufunguo, kioo kimepasuka, mkanda wa ngozi ya mbuzi umeshonwa kwa uzi wa bluu wa nyavu. Saa hufanana, sikatai. Lakini mshono ule? Aliushona baba yake, Mzee Kalume, kwa mikono yake mwenyewe kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Na Mzee Kalume alizikwa nayo Agosti iliyopita.

Bahizire alishuhudia. Alikuwa kwenye mapumziko ya kazi ghalani, simu mkononi, kaka yake akimwonyesha kwa video: mkono wa baba, saa, sanduku. Mapumziko yakaisha. Akakata simu kabla kaburi halijafukiwa. Alijiambia Mungu anaelewa, kazi ni kazi.

Tik… tik… tik…

Harufu ya sabuni ikapotea. Ikaja harufu ya udongo mbichi, ulionyeshewa. Nje theluji ilifika magotini na ardhi ilikuwa ngumu kama jiwe, sasa udongo huo ulitoka wapi?

"Papa?" alinong'ona. 

Mzee hakuinua kichwa. "Ndugu zako walinitupia udongo, kila mmoja konzi yake. Yako sikuipata."

"Nilikuwa kazini, papa… Nisamehe."

Mashine zote zilikuwa zimesimama.

Bahizire akageuka kumtafuta mtoto. Yesu wangu! Merveille alikuwa ameshakaa benchini, ubavuni pa mzee, na kiganja chake kimo ndani ya ule mkono wenye saa. Midomo ya mtoto ilikuwa imeanza kuwa ya kijivu.

Baba mtu alisahau woga wote. Aliyemwogopea sasa ni mwanawe tu.

"Mwachie mtoto! Nakuomba, papa. Nichukue mimi."

"Haya," mzee akasema.

Taa zikazimika.

Zilipowaka, benchi lilikuwa tupu. Merveille alisimama katikati ya chumba, mzima, mashavu yamerudiwa na rangi. Bahizire akaanguka mbele yake, akamkumbatia, akalia kwa sauti bila haya. Alimwuliza ameumia wapi.

Mtoto yule alizaliwa huku. Kiswahili alikisikia tu, kila siku akijibu kwa Kiingereza. Lakini sasa alijibu kwa Kiswahili kilichonyooka, kile kile cha wazee wa kambini, polepole, huku akikunjua ngumi iliyojaa udongo mwekundu.

"Lala chini, papa. Babu ameniachia konzi yangu ya kukutupia."