Majuma Sita, Miaka Mitatu

"Hivi wewe Adhiambo, mtu akitoka gerezani huomba gereza lake lisibomolewe?"

Ndivyo alivyouliza Colombe, jirani yake wa mtaa wa Rissne, Mrundi asiyejua kulifungia neno moyoni. Walikuwa wakikunja nguo kwenye chumba cha kufulia cha jengo lao. Adhiambo alikunja shuka pembe kwa pembe, akaliweka juu ya mengine, akasema, "Wakilibomoa, watasema halikuwapo."

Gereza lenyewe lilikuwa banda la mbao nyuma ya shule ya matofali mekundu, katika kitongoji kimoja cha Stockholm. Waafrika waliiita Shule ya Misonobari kwa sababu ya miti iliyoizunguka. Miaka arobaini iliyopita watoto wa Kiswidi walisoma ndani ya matofali, na watoto wa wageni, Adhiambo akiwamo, walisoma bandani, na mlango wa katikati ulifungwa kwa kufuli. Mpaka mama zao walipoingia na watoto kwenye jengo kuu asubuhi moja ya Januari, wakaketi sakafuni kwenye ukumbi, wakarudi kesho yake, na kesho kutwa, siku kumi na moja, hadi kufuli likafunguliwa.

Sasa manispaa ilitaka kulibomoa banda. Ndiyo maana Jumamosi moja ya Oktoba Adhiambo alisimama Vällingby, karibu na ngazi za treni ya chini kwa chini, akikusanya saini za kutaka banda libaki. Alivaa koti la kijani na kilemba cha kitenge cha rangi ya machungwa, na watu waliopita na mifuko yao ya maduka walimwona hata kama hawakutaka. Upepo ukampokonya karatasi moja. Ikaruka, ikateleza, ikasimama chini ya kiatu cha ngozi cha kahawia kilichong'aa.

"Umekanyaga saini za watu arobaini," Adhiambo alisema kwa Kiswahili, maana uso wa mwenye kiatu ulimwambia atasikia.

"Samahani, dada. Ningejua ni zako ningekanyaga kwa adabu."

"Kuna kukanyaga kwa adabu?"

"Kuko. Kwa soksi."

Akacheka kabla hajajizuia.

"Cheka tena," mwanamume alisema.

"Kwa nini?"

"Mimi ni daktari wa meno. Kutwa natazama vinywa vya watu. Leo ndiyo mara ya kwanza natazama na kufurahi."

"Basi tia saini hapa, Daktari, kabla hujaanza kuning'oa."

Alikuwa mrefu, mvi zimemshika masikioni, skafu ya kijivu imefungwa vizuri kama ya mtu anayejitazama kwenye kioo. Akaandika: Nicholas Ssebuliba.

"Hujasoma hata mstari mmoja," Adhiambo alimwambia.

"Nimemsoma aliyenipa kalamu."

Mwanamke wa miaka arobaini na minane, aliyeachika, anayeosha na kulisha wazee wa watu katika nyumba ya wazee, hapati maneno ya namna hiyo kila siku. Akampa namba ya simu.

Simu zikaanza.

"Umekula?"

"Nimekula, Daktari."

"Umekula nini?"

"Ugali wa jana na sukuma."

"Peke yako?"

"Na Mungu wangu."

"Basi mwambie anisogezee kiti. Nafika saa kumi na mbili."

Emmanuella, binti wa Adhiambo, ambaye humjibu mama kwa Kiswidi hata akiulizwa kwa Kiswahili, alimkuta mama yake anapaka rangi ya mdomo mbele ya dirisha la jikoni. Akauliza kwa Kiswidi chake kama kuna mtu. "Kuna jino linaniuma," mama alijibu, na wote wawili wakacheka.

Siku moja, katika mkahawa, Nicholas aligeuza kikombe chake mara mbili juu ya kisahani. "Hata mimi nilisoma Misonobari," alisema.

"Wewe? Bandani?"

"Bandani, kidogo tu. Nilikuwa na miaka tisa. Tulikuwa tumetoka Kampala kwa kupitia Nairobi, baba akiwa mkimbizi."

Adhiambo akauweka mkono wake juu ya wake. Hakumuuliza kidogo ni kiasi gani. Aliona kwamba Mungu amemletea mtu aliyekaa kwenye baridi ile ile, asiyehitaji kuelezwa.

Nchi ile faili za serikali ziko wazi kwa yeyote anayeomba. Mwishoni mwa Novemba Adhiambo akaenda kwenye ofisi ya manispaa, akaketi mezani, akapewa faili la shule. Jengo la matofali litahifadhiwa, faili lilisema. Litawekwa kibao cha shaba cha kumshukuru mwalimu mkuu wa zamani "aliyefungua milango kwa watoto wa wageni." Banda halina thamani ya kihistoria, lilikuwa darasa la mapokezi la muda mfupi. Mahali pake patakuwa maegesho ya baiskeli.

Baiskeli! Mama yake, Jennifer, ndiye aliyefagia shule ile. Alfajiri alifagia madarasa ya matofali, akafuta meza, akapanga viti, kisha saa mbili akampeleka mwanawe mwenyewe bandani, kwa kuwa kwenye viti vile hakuruhusiwa kukaa. Siku ya kumi na mbili, kufuli lilipofunguliwa, Jennifer alipewa barua ya kufukuzwa kazi. Alikufa miaka minne iliyopita, na hakuna aliyemshukuru hata kwa karatasi, sembuse shaba.

Akafunua ukurasa wa mwisho. Ushahidi wote wa manispaa ulikuwa barua moja ya Septemba mwaka huo, ya mwanafunzi mmoja wa zamani: "Bandani tulikaa majuma sita tu, tukahamia jengo kuu. Tulitendewa vyema." Chini: Nicholas Ssebuliba, daktari wa meno.

Alimpigia akiwa kwenye ngazi za nje, mvua ya theluji ikimpiga shingoni.

"Nicholas."

"Leo mimi si Daktari?"

"Majuma sita?"

"Adhiambo, nisikilize. Barua ya manispaa ilikuja, wakauliza, nikajibu ninachokumbuka. Wewe nilikuwa sijakujua."

"Na pale Vällingby?"

"Nilikuwa natazama macho yako, mpenzi, sikutazama karatasi."

"Kwa hiyo kwa mkono huu umeandika libaki, na kwa mkono huu umeandika libomolewe. Na mkahawani, nilipokushika mkono, ulikuwa upi?"

"Niliogopa kukwambia."

"Mwoga hang'oi meno ya watu. Ulijua unachofanya." Akakata.

Siku tisa Adhiambo hakupokea simu zake. Siku ya kumi Nicholas alisimama chini ya jengo lake kule Rissne, kofia imelowa, hata Colombe akamwonea huruma akamfungulia mlango. Adhiambo hakumkaribisha kiti. Alimwekea picha tatu mezani, za darasa, za miaka mitatu mfululizo, zote zimepigwa mbele ya mlango wa banda.

"Tazama."

Katika ya kwanza kulikuwa na mvulana pembeni, kofia ya sufu imeshuka machoni. Nicholas akaigusa kwa kidole. "Huyu ni mimi."

"Ya pili?"

Hakuwamo. Ya tatu, hakuwamo. Lakini msichana wa katikati, Adhiambo mwenyewe, alikuwamo katika zote, na koti lile lile la bluu. Mwaka wa kwanza mikono ya koti ilifika vidoleni. Wa pili, kwenye kifundo cha mkono. Wa tatu ilikuwa imepanda karibu na kiwiko.

"Miaka mitatu," Adhiambo alisema. "Hesabu kwa koti."

Nicholas akavua miwani. "Nilidhani nyote mmehamia madarasa mengine. Wallahi sikujua mmebaki."

"Hukuuliza?"

"Mtoto wa miaka tisa akitolewa kwenye baridi hageuki nyuma." Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta. "Alhamisi kamati inaketi. Nitasimama nifute ushahidi wangu mbele yao. Wasipokuwa nao hawana kitu. Nipe nafasi hiyo tu."

Ndipo akapewa kiti. Ndipo akapewa chai. Na kabla hajaondoka akapewa shavu.

"Alhamisi asubuhi twende kwanza Fisksätra, kwa baba," Nicholas alisema mlangoni, akitabasamu kwa mara ya kwanza. "Nataka Mzee akuone. Kisha twende kamatini pamoja."

Mzee Yosefu alikuwa na miaka themanini na minane na alivaa tai ndani ya nyumba yake. Adhiambo, katika gauni la zambarau alilolipiga pasi mara mbili, alimshika mkono kwa mikono miwili, akainama kidogo.

"Karibu, mwanangu. Nicholas ananiambia una meno mazuri. Sijui huyu kijana atajifunza lini kutongoza."

"Amejaribu, Mzee."

Wakanywa chai ya maziwa yenye tangawizi. Kisha Mzee akauliza swali ambalo kila mzazi huuliza: "Wewe ni wa nani?"

"Mimi ni wa Jennifer, Mama Adhiambo. Alikuwa akifagia Shule ya Misonobari."

Mzee akaweka kikombe chini.

"Alikuja kwangu," alisema. "Yeye na wanawake watano. Nilikuwa wakili, nilikuwa nimekwisha kujifunza Kiswidi. Walitaka niwaandikie barua ya malalamiko."

"Ukawaandikia?"

"Nilikuwa nimekwisha kuandika barua nyingine. Mwalimu mkuu aliniita. Akasema, andika kwamba wazazi wameridhika na banda, na Jumatatu mwanao ataingia jengo kuu."

"Na wazazi walikuwa wameridhika, Mzee?"

"Mwanangu aliingia Jumatatu."

Nicholas alikuwa amesimama. Hakulijua hilo, na uso wake ulionyesha hivyo.

"Kila mzazi huangalia kifaranga chake," Mzee alisema, sasa kwa sauti ya kujitetea. "Nilikuwa mkimbizi. Nilikuwa na nini kingine?"

"Mama yangu alikuwa na ufagio," Adhiambo alisema. "Akaangalia vifaranga vyote, na wako angekuwamo. Wakamnyang'anya ufagio." Hakupaza sauti. Aligeuka. "Nicholas, saa tano imepita. Kikao ni saa nane. Twende."

Nicholas hakusogea.

"Nikisimama pale," alisema polepole, "wataniuliza kwa nini mimi peke yangu nilitoka baada ya majuma sita. Itatafutwa barua ya Mzee. Itasomwa. Waandishi wa habari watakuwapo. Mzee ni mzee wa kanisa, Adhiambo. Watu wa Uganda wote hapa wanamwita baba."

"Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli. Na Mungu akimchukua nitaisema yote, naapa. Ngoja tu azikwe kwa heshima."

"Kamati ikipitisha leo, banda litabomolewa Jumatatu."

"Banda ni mbao! Baba ni baba."

Mzee Yosefu alikuwa akitazama mikono yake mwenyewe. Angeweza kusema neno moja, nenda mwanangu, na mambo yote yangegeuka. Hakulisema.

Nicholas akatoa mfukoni kijisanduku chekundu, akakifungua. Pete ilikuwa nyembamba, nzuri, ya mtu aliyechagua kwa makini. "Nilitaka kukuuliza mbele yake. Uwe mke wangu. Tutamjengea mama yako kaburi la mawe, zuri, lenye jina lake. Nitafanya chochote, laazizi. Chochote ila hiki."

Adhiambo aliitazama pete, kisha akamtazama yeye, na alimpenda bado, na ndilo lililomuuma zaidi.

"Wewe una baba," alisema. "Mimi sina mama?"

Akaenda mlangoni. Akachuchumaa katika gauni lake la zambarau, akavaa buti la kulia, akafunga kamba. Akavaa la kushoto, fundo likamkatalia, akalifungua, akalifunga upya. Wanaume wawili wakamtazama tangu mwanzo hadi mwisho.

"Adhiambo, sema kitu," Nicholas alisema. "Nitukane basi."

Akavaa koti, akafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni, akachukua begi lake lenye zile picha tatu, akafungua mlango, akatoka kwenda kikaoni.