Punje Mbili za Ganda Moja

Plagi ilitoka imelowa, na hilo halikumshangaza Placidius. Plagi za mashine kuukuu za boti hulowa petroli kila siku. Kilichomshangaza ni harufu. Aliinusa mara mbili, akakunja pua: tope na mafunjo, kama mto Kagera unavyonuka baada ya mvua. Na mashine ile ilikuwa imening'inia karakanani kwake, Murongo, tangu ilipoletwa, kwenye jua la kuchoma mabati.

Mwenyewe alikuwa Anatolia, mjane wa Kibingo. Mumewe, Elipidius, alivusha watu na magunia ya maharage mpaka siku mto ulipomchukua. Boti ikapatikana imekwama kwenye mafunjo, tupu. Anatolia alitaka mashine iwake, aiuze, asiione tena.

"Petroli inafika. Shida ni cheche tu," Placidius alikuwa amemwambia, kifua mbele. "Wewe tafuta mnunuzi."

Kutamba ni rahisi. Alifunga plagi mpya, akaigusisha kwenye chuma, akavuta kamba. Hakuna cheche. Akachomoa waya wa kuzimia, maana huo ukichubuka ukagusa bodi, mashine haiwaki ng'o. Akavuta. Hakuna. Akabadilisha koili, bado. Ndipo akafungua magneti, lile gurudumu zito la juu, na chini yake, kwenye platini zinazowasha cheche, akakuta maji. Akafuta, akapiga msasa, akakausha, akafunga, akavuta. Hakuna. Akafungua tena. Maji yalikuwa yamerudi, na safari hii kipande cha jani la funjo kilielea juu yake.

"Mshenzi mkubwa wewe," akaitukana mashine, na magneti ikamponyoka, ikamchana kiganja.

"Pole, fundi."

Mlangoni alisimama mwanamume ambaye hakumsikia akija. Suruali yake ilichuruzika maji kutoka kiunoni. Placidius akadhani ni mvushaji, akamkaribisha benchi. Mgeni hakukaa. Akatoa mfukoni tunda moja la kahawa iliyochemshwa na kukaushwa, ile ya kutafuna, ambayo huku mwenye nyumba humpa mgeni kabla hajamuuliza shida yake. Hapa aliyetoa ni mgeni. Hilo peke yake lingemshtua mtu mwenye akili zake timamu, lakini Placidius alikuwa amechoka na ana hasira.

Mgeni akapasua ganda kwa ukucha, akaweka punje zote mbili kwenye kiganja cha Placidius kilichovuja damu, kisha akachukua moja, akaitia kinywani mwake.

"Tafuna, ndugu yangu."

Kukataa kahawa ni kumkataa aliyekupa. Placidius akatafuna. Ilikuwa na ladha ya tope, na nyuma ya tope kulikuwa na kitu kama kutu. Alipokwisha kumeza ndipo akaona kwamba hata kidole gumba cha mgeni kilikuwa kimechanwa.

"Sasa funga. Vuta."

Platini zilikuwa kavu kabisa. Akafunga, akavuta, na cheche nene ya buluu ikaruka mbele ya macho yake. Aligeuka kushangilia. Mlangoni palikuwa na dimbwi la maji, basi.

Alasiri Anatolia alikuta mashine ikinguruma ndani ya pipa la maji, akatabasamu. Tabasamu hilo likafa Placidius alipomweleza habari za mgeni.

"Fundi," akanong'ona, "ulikula?"

"Mtu anakataaje kahawa?"

"Hata Elipidius alisema hivyo hivyo. Alisema amepata ndugu mtoni. Huyo ndugu akaomba mtoto wetu, akamtembeze. Elipidius akaogopa kumnyima." Anatolia alishika ukuta. "Tukamzika Dusabe wangu. Elipidius akarudi mtoni kumtukana, hakuonekana tena. Nilidhani dude hilo limeondoka naye."

"Ungesema, mama! Nina mtoto mimi!"

Akazima mashine, akachomoa plagi, akaitia mfukoni, akakimbia nyumbani.

Mkewe alikuwa Nyaishozi akimuuguza dada yake. Nyumbani alibaki mama yake, Salvina, na bintiye wa pekee, Benitha, aliyekuwa akipanga sahani za chakula cha jioni. Moja ilizidi.

"Hiyo ya nani?"

"Ya baba mdogo. Alikuja mchana. Nilimpa shikamoo, hakuitikia. Amesema atakuja na boti, anitembeze."

Placidius hakuwa na mdogo wake wala kaka. Salvina alimshika mkono, akautazama ule mchano, na uso wake ukabadilika.

"Umefanya omukago na nani?" akauliza kwa sauti ya chini. "Ndugu wa damu hanyimwi, mwanangu. Ukimnyima, ile punje huvimba tumboni mpaka ikuue. Haina dawa, haina padri."

"Na nikimpa?"

Salvina alimtazama Benitha.

Jua lilikuwa halijazama vizuri waliposikia mashine ya boti ikinguruma ndani ya shamba la migomba, mbali kwanza, upande wa barabarani, kisha karibu, na migomba ikitikisika mmoja baada ya mwingine bila upepo, na harufu ya tope ikiingia chini ya mlango pamoja na maji membamba yaliyotafuta njia sakafuni mpaka kwenye vidole vya Benitha, na Placidius akiibana ile plagi mfukoni, akijua kwamba bila plagi hiyo mashine ile haiwezi kunguruma, na mtoto akainuka akicheka, akaenda mlangoni kana kwamba ameshikwa mkono.

"Ndugu yangu," sauti ikasema nje. "Nipe mtoto."

Placidius alimvuta Benitha, akasimama mbele yake.

"Sina ndugu," akasema. "Mtoto sikupi. Sikujui!"

Mashine ikazimika. Maji yakarudi chini ya mlango, sakafu ikakauka. Salvina alikaa chini, akajifunika uso kwa kanga, akaanza kulia kimya kimya.

"Bibi analia nini?" Benitha akauliza.

Placidius aliketi mbele ya sahani yake ya ndizi. Ndani ya tumbo kitu kilivutwa, kikaachiwa, kikavutwa tena, kama fundi anayejaribu kamba bila haraka. Mara ya tatu kikawaka. Akalegeza mkanda tundu moja.

"Kula, mwanangu," akasema. "Chakula kinapoa."