Majina Kumi na Moja Ndani ya Ngoma

"Nyuki kumi na mmoja. Wote wamo mzingani."

Ujumbe uliingia saa tisa na dakika ishirini alasiri, Vihra Toneva akiwa amepiga magoti kwenye jukwaa la tamasha mjini Plovdiv, anabana kihisi kwenye ukingo wa ngoma.

Hakushtuka. Alimaliza kukaza skrubu. Akaufuta ujumbe. Akasogea nyuma ya spika na kupiga nambari aliyoihifadhi kichwani tu.

"Sema." Ilikuwa sauti ya Kanali Spirov, mkuu wake, kutoka makao makuu Sofia.

"Mzinga upi?"

"Kisanduku cha mpiga ngoma wako."

 Kisanduku hicho Vihra alikuwa amekifuta vumbi asubuhi ileile kwa mikono yake.

"Nichomoe nyaya?"

"Hapana. Mnunuzi atakuwa kwenye umati. Tunamtaka."

"Na akiyasikia majina?"

"Asiyasikie."

Simu ikakatika.

Siku kumi na mbili nyuma, orodha ya watu kumi na mmoja iliibwa kwenye kasha la chuma la idara ya ujasusi. Walikuwa watu wa kawaida wanaoishi katika nchi moja ya kigeni, wakiipelekea Sofia habari kwa siri. Karani aliyeiba orodha alikutwa amekufa ndani ya beseni la kuogea. Orodha haikuonekana. Tangu hapo kila begi lililovuka mpaka lilipekuliwa, na kila barua iliyotumwa nje ilisomwa.

Nani angepekua ngoma?

Kisanduku chenyewe hakikuzidi ukubwa wa kamusi. Ngoma zilikuwa ngoma hasa, za chapa ya Gretsch, za mbao na ngozi, na kila moja ilibanwa kihisi. Fimbo ikigusa ngozi, kihisi hupeleka habari kisandukuni, na kisanduku hutoa mlio wowote kiliopewa: radi, kengele, mlango wa chuma unaobamizwa. Msikilizaji husikia ngoma na mlio kwa pamoja, asijue kipi ni kipi. Ndani ya milio kumi na mmoja mtu alikuwa ameficha kitu kingine, ukelele wa juu mno usiofika kwenye sikio la binadamu. Lakini simu ingeusikia. Simu ingeugeuza maandishi.

Pigo moja, jina moja.

Na mpigaji alikuwa Metodi Karadzhov.

Vihra alimjua tangu akiwa na miaka tisa. Metodi ndiye aliyemfundisha kushika fimbo, katika jumba la utamaduni la Asenovgrad, miguu ya Vihra ikiwa bado haifiki sakafuni akikaa kitini. Zamani hizo Metodi alipiga kwa nguvu mpaka vioo vya madirisha vililia. Kisha mishipa ya mikono ikaanza kufa. Madaktari wa Sofia walimwambia azoee. Sasa aliweza kugusa tu, kama mtu anayepapasa shavu la mtoto aliyelala, na kisanduku kikageuza mguso huo kuwa ngurumo. Watu wachache sana walilijua jambo hilo. Vihra, ambaye kwa nje alikuwa fundi wa bendi na kwa ndani jasusi wa mwaka wa kumi na nne, alikuwa mmoja wao. Metodi mwenyewe ndiye aliyemwomba aje kuhudumu katika ziara hii. Kazi ya siri ya Vihra hakuijua.

Alimkuta nyuma ya jukwaa, kivulini, anakula banitsa, mkate wa jibini, na kushushia ayran, maziwa ya mgando. Pembeni alisimama Lozan, meneja mpya wa bendi, na Vihra hakuhitaji kuuliza ule uvimbe chini ya koti lake la kitani ulikuwa nini. Bastola, Glock. Makarov ya Vihra ilikuwa ndani ya mkoba wa zana, chini ya ngozi za akiba.

Alivuta kiti, akasema kwamba ameona programu mpya kwenye kisanduku, nambari nane, na imefungwa kwa neno la siri. Akauliza kama kuna lolote la kurekebisha humo kabla ya onyesho. Metodi alijibu bila kumtazama kwamba ni milio ya wimbo wa mwisho, isiguswe. Lozan akacheka, akasema fundi mzuri hafungui sufuria ya mwenzake.

Vihra alingoja mpaka Lozan aende kupokea simu.

"Bai Metodi," alisema polepole, akimwita kwa heshima aliyompa tangu utotoni, "una neno la kuniambia?"

Mzee alijitazama vidole. Viwili vya mkono wa kulia havikuwa vikinyooka tena.

"Kuna daktari ng'ambo," alisema. "Wanasema anaunganisha mishipa upya. Miezi sita, napiga kama zamani."

"Nani wanasema?"

"Mkono mtupu haulambwi, binti yangu. Wao wanataka kitu, mimi nataka kitu. Kula banitsa, imebaki moja."

Vihra aliila. Ilikuwa ya moto na nzuri. Angeweza kumwambia palepale kilichofichwa ndani ya milio. Lakini Metodi hakuwahi kujua kudanganya kwa uso. Lozan angemsoma kwa mtazamo mmoja, mnunuzi angeonywa, na kesho majina yangeuzwa kwa njia nyingine, mahali pasipokuwa na mtu wa kuyazuia.

Akaitoa Makarov mkobani, akaificha kiunoni, akarudi jukwaani.

Njia ilikuwa moja. Milio ilifungwa, lakini kitufe cha kiwango cha pigo kiliachwa wazi, kwa sababu kila fundi hukihitaji. Ukikizungusha hadi mwisho, kisanduku hupuuza pigo lolote lililo hafifu. Ngoma hulia kama mbao na ngozi tu. Mlio hautoki. Jina halitoki, linabaki likingoja pigo lenye nguvu.

Ila kulikuwa na tatizo. Kila programu ikiitwa huja na kiwango chake yenyewe. Angezungusha kitufe mapema, nambari nane ingekirudisha. Ilimbidi angoje Metodi aiite kwa mguu, ndipo azungushe.

Angekuwa na sekunde mbili kabla ya pigo la kwanza. Labda tatu.

Saa kumi jioni bendi ilipanda. Jua lilikuwa bado kali. Watu elfu nne walijaa kwenye nyasi kando ya mfereji wa mashindano ya makasia, bia mkononi, maganda ya alizeti miguuni. Vihra alikaa juu ya sanduku la vyombo nyuma ya ngoma, kisanduku kikiwa hatua moja kushoto kwake. Lozan alisimama nyuma yake karibu kiasi cha kusikia pumzi zake.

Nyimbo tisa zilipita. Metodi aligusa, spika zikanguruma, umati ukashangilia.

"Tuna watu sita kwenye nyasi," sauti ya Spirov ilinong'ona kwenye kisikilizio sikioni mwa Vihra. "Tunatafuta simu isiyopiga picha."

Wimbo wa mwisho.

Metodi alikanyaga kitufe cha sakafuni. Nambari nane ikawaka.

Vihra aliinuka na kitambaa mkononi, kama fundi anayefuta jasho kwenye mitambo. Lozan akapiga hatua. Fimbo ya Metodi ikashuka kabla vidole vya Vihra havijafika.

Radi ilipasua anga la Plovdiv.

Jina la kwanza.

Vihra akazungusha kitufe hadi mwisho.

Pigo la pili lilitoka kama mtu anayebisha mlango kwa kucha. Tak. La tatu vilevile. Tak. Bila kisanduku, watu elfu nne walisikia kwa mara ya kwanza mikono ya Metodi Karadzhov jinsi ilivyokuwa. Mpiga gitaa akageuka. Mbele kabisa mtu fulani alicheka, kisha akanyamaza.

Metodi alitazama kisanduku. Akamtazama Vihra. Alielewa kila kitu mara moja, nani ni nani na kwa nini.

Vihra hakuondoa macho. Alimwomba kimyakimya aishie hapo.

Metodi aliinua mkono wa kulia juu ya kichwa, juu kama alivyouinua zamani kule Asenovgrad, akaushusha kwa nguvu zote alizobakiwa nazo.

Kisanduku kikaitika. Radi.

Jina la pili.

Fimbo ikaruka. Mkono ukaanguka juu ya paja lake, ukabaki hapo. Watu wakaanza kupiga makofi, makofi ya huruma, na hayo ndiyo yaliyomfanya Metodi ainamishe kichwa.

"Safu ya tano," Vihra alisema kwenye kipaza sauti kilichofichwa kolani mwake. "Mwanamke, kofia ya majani. Yeye peke yake anatazama simu, hatazami jukwaa."

"Tumemwona. Tunamchukua."

Lozan aliingiza mkono kotini. Hakuutoa. Mdomo wa Makarov ulikuwa tayari umegusa mbavu zake, umefunikwa kwa kitambaa.

"Taratibu," Vihra alimwambia. "Watoto wanatazama."

Watu wa idara walimtoa Lozan kwa mlango wa mitambo. Ilichukua dakika moja. Umati ulidhani ngoma imeharibika, ukaenda kununua kebapche, nyama ya kusaga ya kuchoma.

Spirov alipiga simu baada ya robo saa. Alikuwa na furaha, jambo la nadra. Tisa wamesalimika, mnunuzi yupo mkononi, hiyo ni siku njema.

"Simu ya yule mwanamke?" Vihra aliuliza.

Kanali alikohoa. "Ilikuwa inatuma moja kwa moja. Hao wawili wamekwenda."

"Wa pili ni nani?"

"Unaijua orodha ilivyopangwa."

Aliijua. Wa pili alikuwa mshonaji mjane, ambaye Vihra alizoea kumwita Shangazi. Vihra ndiye aliyemwingiza kazini, baada ya majira mawili ya baridi ya kunywa naye chai. Aliomba ruhusa ya kumwonya. Spirov akakataa, wito wowote sasa ungewaelekeza maadui kwa wale tisa. Mpaka wa nchi ya mjane huyo ulikuwa mbali na pale kwa saa kumi na mbili za gari. Waliolipata jina lake walikuwa mjini kwake tayari.

"Hakuna njia," Kanali alisema. "Nenda ukapumzike."

Metodi alikuwa kwenye kiti cha nyuma cha Skoda nyeusi, bila pingu. Hawakuona haja.

"Umenivua nguo mbele za watu," alisema.

"Walikuwa watu kumi na mmoja, Bai Metodi."

"Waliniambia ni nambari za benki." Aliupapasa mkono wake wa kulia. "Lakini lile pigo la mwisho, nilijua. Nilikuona, nikajua, nikapiga. Sikutaka wanisikie hivyo."

Vihra aliinama, akamfunga mkanda wa kiti.

"Huyo daktari," mzee aliuliza. "Yupo?"

Hapakuwa na daktari. Spirov alikuwa ameshamweleza Vihra.

"Yupo," Vihra alisema, akafunga mlango wa gari.

Aliporudi kuchukua mkoba, mpiga ngoma wa bendi iliyofuata, mwanamke wa mji wa Burgas mwenye nywele za bluu, alimshika mkono. Kihisi chake kimegoma, alisema, na bado dakika tano tu. Vihra alipiga magoti. Waya ulikuwa umelegea kwenye tundu lake. Aliukaza, akashusha kiwango kidogo, akampa ishara ajaribu.

Ngoma ikanguruma.

"Dada, umeniokoa," yule mwanamke alisema.

Vihra alivaa miwani ya jua, akatundika mkoba begani, akakata katikati ya umati kuelekea lango. Hakukimbia. Hapakuwa na mahali popote ambapo angewahi.