Jogoo wa Mgeni wa Makunduchi

Soko la Busia lilikuwa limefurika, na Nerima alikuwa akizinadi ndizi zake kwa sauti, kavaa gauni la maua mekundu na kitambaa cha njano kichwani, alipotokea kijana mrefu mwenye kofia ya kiua akauliza swali ambalo hakuna mteja aliyewahi kumuuliza.

"Dada, sitaki ndizi. Mgomba wenyewe mnautupa wapi?"

"Unafuga ng'ombe?"

"Sifugi. Nataka mabua ya kupigania."

Nerima akamtazama vizuri. Hakunuka pombe. Alinuka dizeli na marashi, na macho yake yalicheka kabla ya mdomo. Aliitwa Makame, dereva wa lori, mzaliwa wa Makunduchi kisiwani Unguja. Kwao, alieleza huku akimenya ndizi ambayo hakuilipia, Mwaka, yaani mwaka mpya wa jadi, ukiingia mwezi wa Julai wanaume hujigawa, wa kusini na wa kaskazini, wakachapana kwa mabua ya migomba mpaka hasira zote ziwatoke. Mkishachapana, neno limekwisha. Kulirudia ni aibu. Wenzake walioko Malaba, madereva na makarani, hawakuiacha sherehe hiyo hata huku bara.

"Na wanawake wanafanya nini?"

"Wanaimba, wakitutukana."

"Hiyo naiweza," Nerima akasema, na yeye mwenyewe akashangaa kwa nini moyo unamwenda mbio.

Basi mapenzi yakaanza. Duka la Barasa hapo sokoni lilikuwa na simu, na Makame aliipiga kutoka kila mji wenye simu.

"Mpenzi, ndizi zimeiva?"

"Zimeiva zamani. Mlaji ndiye hatumwoni."

"Mlaji yuko Nakuru, anakuota."

"Unaota ama unaendesha gari?"

Barasa, ambaye masikio yake hayakuwa na adabu, alicheka hadi akakosea kupima sukari. Hivyo mwaka mzima ukapita, na mwezi wa Julai 1966 Makame akaahidi kwenda Butula, kwao Nerima, siku ya Jumapili, akaonane na baba yake, Mzee Wesonga.

Mzee akavaa koti lake la kanisani. Mkewe, Mama Truphena, akafunga jogoo mlangoni, maana aliambiwa Waislamu huchinja wenyewe, akaweka kisu kando. Wakangoja. Jioni ikaingia, mzee bado ndani ya koti na jogoo bado anawika. Kesho yake jirani akaleta habari: jana amemwona Makame pale Bumala, njia ya kuja Butula, ndani ya kanzu nyeupe, akigeuza lori kurudi Malaba.

Nerima alilia kwa hasira. Simu ilipolia dukani, hata hakuisogelea.

"Mwambie nimekufa."

"Anasema amekufa," Barasa akasema kwenye simu. Akasikiliza. "Anasema, basi marehemu aambiwe Jumamosi ni Mwaka. Nyumba isiyo na mgeni siku hiyo haina heri, na yeye mgeni mwingine hana."

Nerima alikwenda, lakini si kwa heri. Uwanja wa Malaba ulikuwa unavuma ngoma, wanawake wamejifunga kanga mpya wakiimba matusi matamu, wanaume wakichapana hadi maji ya migomba yanawarukia usoni. Akaokota bua akapenya katikati. Ngoma zikanyamaza. Makame alipomwona, akalitupa bua lake chini.

"Hili ni la jogoo wa mama," Nerima akasema, akamchapa begani. "Hili ni la koti la baba." Likamfika shingoni. "Na hili ni la Bumala. Kwa nini ulirudi?"

"Niliona haya," Makame akasema polepole. "Mtu haendi kuposa peke yake. Wangeuliza wazee wangu wako wapi. Baba hayuko duniani, mama yuko Unguja. Nilifika Bumala nikajiona kwenye kioo cha lori, mimi na kanzu tu."

Mkono wa Nerima ukashuka. Hasira ilikuwa imekwisha kweli, alitafuta hakuiona. Akawageukia watu waliomzunguka wakihema.

"Na hawa ni nani?"

Makame akawatazama kama ndio kwanza anawaona. Mzee Vuai, mkubwa wa madereva, akajifuta jasho.

"Tulikuwa tunangoja utuambie, mwanangu. Tukadhani unatuonea haya sisi."

Jumapili, malori mawili yaliingia Butula na ngoma zake, kanzu na kanga zimejaa nyuma. Kijiji kizima kikatoka. Nerima alisimama mlangoni bila kuthubutu kutoka, maana baba hakuwa amecheka tangu asubuhi.

"Ni nani kati yenu aliyenikalisha na koti siku nzima?" Mzee Wesonga akauliza.

Makame akasogea mbele. Mzee akaiona alama shingoni.

"Hiyo ni nini?"

"Binti yako, mzee. Kwetu mtu akishakuchapa, neno limekwisha."

"Mimi sijakuchapa."

Mzee akazunguka nyuma ya nyumba. Wakasikia panga likikata. Akarudi na bua la mgomba. Makame akainamisha kichwa. Nerima akafumba macho.

Pa. Moja tu, begani.

"Limekwisha," Mzee Wesonga akasema, akalitupa bua. "Ya kanisa na msikiti tutaongea tukishakula." Kisha akampa Makame kisu. "Jogoo wako yule pale. Amekungoja sana."